Mninga wa chekechea

Abuu pokea simu!! Basi soma, mwenzio nimekwisha.

Leo Sista Zita kaja kukagua darasa langu la chekechea, ndo aamue nabaki au narudi nyumbani Muze. Nirudi Muze na chuo cha ualimu sijamaliza, baba nitamwambia nini?

Si nilimwambia Sista vile vipande vya mbao vya kufundishia maumbo viko tayari? Fundi hajaleta hata kimoja. Jana nikasonga ugali wa ulezi, ukapoa ukakaza, nikakata kwa uzi pembetatu na miraba. Rangi ya mbao kabisa.

Kaingia. "Mbao gani hii, mwalimu?"

Na mdomo wangu huu: "Mninga, Sista."

MNINGA Abuu!!

Na watoto walikuwa wanaweza! Pembetatu mbili wanaunganisha wanapata mraba, wanaweka pembetatu nyingine juu, nyumba hiyo. Sista anatabasamu. Kafika kwa Jasmin: "Mbona nyumba yako haina paa?"

"Nimekula, Sista."

Nimekula Sista!!! Darasa zima likaanza kula nyumba.

Sista kaokota pembetatu. Kaing'ata. Anatafuna polepole ananiangalia mimi tu. "Mninga umeiva, mwalimu. Nisubiri ofisini."

Sasa niko kwenye benchi nje ya ofisi. Kamwita mpishi, nikajua anatafuta shahidi. Namsikia Sista: "Lete maharage. Mwalimu anamaliza mninga wote uliobaki."

Abuu, imebaki ndoo nzima.

Na kazi hajaitaja.