Siki Kijiko Kimoja

Stavanger, 27 Februari 2007

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na goti limepunguza kukusumbua sasa baridi inapoanza kulegea. Mimi ni mzima. Kazi ya kuoka mikate huku Norwe inaendelea, naamka kabla ya jogoo wa jirani yako Bi Hilda. Ningekupigia simu, lakini mambo tunayajua: mimi nitapiga kelele mpaka jirani agonge ukuta, na wewe utauliza, "Nani? Nani amekufa?" Vinu vya saruji vilikula masikio yako na havikukuachia hata moja la akiba.

Baba, nina neno, na usikasirike. Pasaka hii siji. Nauli ninayo, na likizo nikiomba nitapewa. Ni kwamba siwezi kufungua mlango ule nikakuta meza tupu. Tulipomzika Mama mwezi wa Novemba nilivumilia kwa sababu nyumba ilijaa watu na masufuria. Lakini Pasaka ilikuwa yake. Kila dirisha lilikuwa na kitu chake. Bila yeye naiona nyumba kama stesheni ya treni.

Nitakutumia pesa kidogo ununue mapambo ya dukani, hata yale mayai ya plastiki, dirisha lisikae uchi. Na siku yenyewe ukale kwa Bi Hilda.

Nisamehe.

Mwanao,
Brygida


Stare Łąki, 7 Machi 2007

Binti yangu Brygida,

Marahaba. Goti halijambo, linalalamika asubuhi tu kama mimi mwenyewe. Mbwa Burek mzima, kuku wazima, wameanza kutaga sana. Nashukuru kusikia kazi inakwenda.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Sijakasirika. Ila pesa zako kaa nazo. Mayai ya plastiki hayaingii nyumbani kwa mama yako Łucja nikiwa hai. Yeye hakuwahi kununua pambo hata moja. Vyote alivitoa jikoni, bustanini na kule mtoni, na padri alikuwa akija kunywa kahawa anasahau kuondoka.

Sasa nisikilize. Nataka kuipamba mimi. Usicheke. Tatizo ni kwamba sijui hata pa kuanzia. Miaka yote ile, siku za kutia mayai rangi ya Pasaka mama yako alinitimua jikoni kwa sababu nilikuwa nikiyala. Najua tu kwamba kuna maganda ya vitunguu, maana nyumba ilinuka, na kuna kile kisu chake cha fundi viatu ambacho sikuruhusiwa kukigusa hata kwa kukata kamba.

Nilikwenda kwa Bi Hilda kuomba maganda ya vitunguu. Akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu. "Alojzy," akasema, "na aproni nikuazime?" Jumapili iliyofuata kanisa zima lilishajua, na kila mwanamke akaniletea mfuko. Sasa nina maganda mengi kuliko vitunguu vya kijiji kizima.

Niandikie inafanywaje. Kama hutakuja, basi. Lakini nifundishe.

Baba yako


Stavanger, 14 Machi 2007

Baba,

Shikamoo tena. Barua yako nimeisoma kazini mbele ya tanuri, na unga wote nilioupima nikaumwaga kwa kucheka. Halafu nikalia kidogo. Wenzangu hapa wanadhani Wapolandi ndivyo tulivyo.

Haya, fanya hivi. Kitambaa cheupe cha meza kiko droo ya chini. Kifue, kitie wanga, kipige pasi kikiwa na unyevu. Nenda mtoni ukakate yale matawi yenye vipaka, vile vichomozo vya manyoya, uyatie kwenye jagi la bluu. Maganda ya mayai unayokaanga usiyatupe: yatie udongo kidogo, upande shayiri ya kuku, uyapange dirishani. Ile mboga kali ya kijani inaota juu ya pamba kwenye kisahani. Imwagilie kila siku, Baba, kila siku, maana ni kitu cha kulalama kama mtoto mchanga.

Mayai mapya: chemsha maganda ya vitunguu mpaka maji yawe meusi kama kahawa, weka siki kijiko kimoja ili rangi ishike, ndipo utie mayai. Yakishapoa na kukauka, unakwaruza michoro kwa ncha ya kisu. Wewe usijaribu majani na maua. Kwaruza msalaba tu, Mungu ataelewa.

Na kuna kasha la viatu juu ya kabati, lenye pumba ndani. Humo ndimo yalimo mayai ya Mama, moja kila mwaka, alilolikwaruza na kuliweka. Yatoe uyafute vumbi. Yatie kwenye vile vikapu vidogo vya uzi alivyovifuma, uyatundike kwenye matawi. Lile lenye jina langu, la Pasaka yangu ya kwanza, liweke juu kabisa, palipo na mwanga.

Baba, nimewaza usiku na mchana. Nikijua mayai ya Mama yananing'inia pale dirishani, nadhani mlango nitaweza kuufungua. Nimeomba likizo. Usimwambie mtu bado.

Mwanao,
Brygida


Stavanger, 26 Machi 2007

Baba,

Shikamoo. U mzima? Nimesubiri jibu na sijaliona. Tiketi ya basi nimeshakata. Naondoka Alhamisi Kuu, nafika Jumamosi mchana.

Jana nikampigia Bi Hilda. Anasema u mzima na unakula, lakini mapazia ya jikoni umeyafunga, na alipopita kuleta keki ulimpokelea mlangoni. Anasema pia nyumba inanuka vibaya mpaka Burek amehamia kwake. Baba, kuna nini? Unaumwa? Kama hunitaki nije, niambie mwenyewe, usimwachie Bi Hilda.

Mwanao mwenye wasiwasi,
Brygida


Stare Łąki, 29 Machi 2007

Binti yangu,

Marahaba. Siumwi. Afadhali ningekuwa naumwa.

Nitaandika moja kwa moja, maana nimechana barua nyingi nikizungukazunguka. Mayai ya mama yako nimeyaharibu.

Uliniambia niyafute vumbi. Nilipoyatoa kwenye pumba niliyaona yamefifia, nikasema, mtoto anakuja, lazima yang'ae. Nikakumbuka maneno yako kwamba siki inashika rangi. Nikalowesha kitambaa kwa siki nikayafuta. Kitambaa kikawa cha kahawia. Nikafikiri ni uchafu wa miaka, nikazidi kusugua. Nilifanya kazi kwa bidii, Brygida, huku nikipiga mluzi. Nilipoyapeleka dirishani kuyatazama, yalikuwa meupe. Yote. Meupe kama yametoka kwa kuku leo.

Nilikaa kwenye kiti cha mama yako karibu na jiko, kitambaa bado mkononi.

Kesho yake nikaona nijaribu kuyarudishia rangi. Nikachemsha maganda, nikatia yai la kwanza maji yakiwa bado motoni. Kumbe yai kuukuu halitaki moto. Lilipasuka kama baruti. Ule uvundo siwezi kukuandikia, ila Burek aliruka dirishani, na mimi nilitaka kumfuata. Ndiyo sababu Bi Hilda sikumkaribisha ndani. Nilimwambia ni kabichi.

Mengine nikayatia kwenye maji yaliyopoa. Yakakaa usiku kucha, yakatoka na rangi nzuri, nyekundu iliyoiva, lakini matupu. Hakuna ua, hakuna jani. Nikajua hapo ndipo mwisho. Nikachukua moja ili nilirudishe kwenye kasha, na kidole gumba kikakwama. Nikapapasa tena. Mistari bado ipo, Brygida. Rangi ilitoka, lakini kisu chake kilikuwa kimeingia kwenye ganda. Ukiligeuza ubavu kwenye mwanga wa dirisha, unauona mtaro mwembamba kama unywele.

Nikakichukua kile kisu. Nilimwomba ruhusa kwanza, kwa sauti, kama mwehu. Nikaweka ncha mle kwenye mtaro wake nikaanza kuufuata.

Sasa nafanya hivyo kila siku. Vidole vyangu ni vya kubeba magunia ya saruji, lakini njia ameshaichonga yeye, mimi kazi yangu ni kutokutoka humo. Miaka arobaini nilikula meza moja na mwanamke huyu nisijue kwamba majani yote aliyaanzia kwenye ncha. Nimejua kwamba alikuwa akikosea mara nyingi, na kosa aliligeuza ndege. Ndiyo maana ndege ni wengi. Kwenye yai la mwaka uliozaliwa, kuna mstari umeruka kando ghafla. Nilishangaa, kisha nikakumbuka: ulimpiga teke ukiwa bado tumboni. Nilikuwa nje nagonga viatu kuondoa theluji, nikamsikia anacheka peke yake jikoni.

Halafu nikafika kwenye yai la Pasaka iliyopita. Mistari yake yote inatetemeka. Yote, kuanzia shina mpaka ua. Sisi tuliambiwa kuhusu ugonjwa mwezi wa Agosti. Yeye mwezi wa Aprili mkono ulikuwa umeshaanza kumwacha, akakaa pale karibu na jiko akalikwaruza mpaka mwisho, akatuandalia supu chachu na soseji, akanicheka kwamba nimenenepa. Sikuona kitu. Nililia juu ya lile yai mpaka ikabidi nilikaushe.

Ningeweza kuinyoosha mistari ile. Sikuinyoosha. Nimeifuata ilivyo, mtetemo kwa mtetemo.

Sasa limebaki moja, lenye jina lako. Nimelitia rangi tu. Sijaligusa kwa kisu, maana si haki yangu.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Mayai uliyoyataka hayapo tena, yaliyopo yamepita mkononi mwangu. Ukiamua kutokuja nitaelewa, na tiketi nitakulipia.

Baba yako


(Karatasi juu ya meza ya jikoni, Stare Łąki)

Jumamosi Kuu, 7 Aprili

Brygida,

Sijui kama unakuja. Hujaniandikia, na Bi Hilda anasema hujapiga. Sikulaumu. Lakini naandika hivi hivi, kwa sababu ukija na kukuta nyumba haina mtu utadhani sikukutarajia.

Nimepeleka kikapu cha chakula cha Pasaka kanisani kikabarikiwe. Usimcheke mwanakondoo wa siagi niliyemfinyanga humo utakapomwona, Bi Hilda ameshamwita nguruwe. Ufunguo uko chini ya ndoo. Usibishe hodi, hapa ni kwako.

Kitambaa nimekiunguza kidogo kwa pasi, nimeweka jagi juu yake. Mayai ya mama yako yako kwenye matawi. Lako liko kwenye bakuli, na kisu kiko kando. Dirisha la jikoni lina mwanga mzuri mpaka saa tisa.

Baba


(Chini ya karatasi hiyohiyo, kwa mwandiko mwingine)

Baba,

Shikamoo. Nimeingia.

Barua yako niliisoma mara moja nikaitupa mezani. Siku mbili sikutaka hata kuitazama, nilikuwa na hasira na wewe. Kisha niliisoma tena ndani ya basi, kuanzia mpakani hadi mjini Opole, na mama mmoja nisiyemjua akanipa leso yake.

Mapazia nimeyafungua. Mboga ya pamba hukuimwagilia, ilikuwa imelala chali. Burek amerudi, yuko chini ya meza.

Nilikuwa nimeshakishika kisu, nikakiweka chini. La jina langu tutalifuata wote wawili, wewe uanze na B kwa kuwa mkono wako umeshazoea njia yake. Usichelewe huko kuzungumza na padri. Nakusubiri hapa karibu na jiko, kwenye kiti cha Mama.

Mwanao,
Brygida