Klarineti ya Reverien

Kibondo, 4 Juni 2023

Wifi yangu Rosa,

Amani ya Bwana ikae nawe hapo Heru Juu. Mgongo unaendeleaje? Sisi huku tu wazima, ni kikohozi cha vumbi tu.

Kondakta wa basi amenifikishia klarineti ya kaka yangu salama. Umesema niipige siku ya kuganduka, tukimaliza msiba wake, nami nimekubali kwa moyo wote. Lakini wifi, inanikatalia! Napuliza, inatoa hewa kama gurudumu lililotobolewa, halafu ghafla inalia kama mwana-mbuzi. Mume wangu akasema, "Maximilla, huyo mbuzi mchinje tule." Nimecheka, lakini moyoni nina hofu. Klarineti ya kanisa naipiga kila Jumapili bila shida.

Hebu nikumbushe. Ule ulimi wa mwanzi unaofungwa mdomoni pa klarineti, yeye alitumia namba ngapi? Mimi napiga namba tatu, mgumu kidogo. Na aliufunga kwa kitu gani? Kibano cha chuma sikukiona.

Wifi yako,
Maximilla


Heru Juu, 11 Juni 2023

Wifi Maximilla,

Mungu asifiwe, barua nimeipata. Mgongo haujambo, maharage ndiyo yamenichosha.

Kibano alikitupa zamani, alisema kinaubana ulimi kooni. Alifunga kwa uzi wangu wa cherehani, anazungusha taratibu kama anafunga kidonda cha mtoto. Ulimi wake ulikuwa namba mbili, laini. Akiwa anavaa kwenda kanisani anakuwa nao mdomoni unalowa. Ukimuuliza funguo iko wapi anakujibu "mmh, mmh". Nilikuwa namwambia, "Wewe mzee, siku moja utaumeza huo ulimi."

Kama unadhani imezibwa na uchafu, mimi sidhani. Baada ya mazishi nilichemsha vyote alivyogusa kwa mdomo, kama tunavyofanya kwa vyombo vya marehemu: kikombe, kijiko, na hicho kipande cheusi cha kupulizia. Kilitoka na rangi ya kahawia, nikajua uchafu wote umetoka.

Kuganduka ni tarehe 22 Julai. Watu watakula, watasema msiba umeisha. Lakini mimi wifi, nakuambia wewe tu, sitaweza kusema umeisha mpaka nimsikie tena mara moja. Ndiyo maana nimekupa wewe.

Wifi yako,
Rosa


Kibondo, 25 Juni 2023

Wifi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Natumaini maharage yameshaingia ndani.

Wiki hii nyumba yangu imegeuka karakana. Nimefunga kwa uzi, nikaweka namba mbili. Aa, nimeshangaa! Uzi tu, na sauti ya klarineti ya kanisa imelainika kama mtu aliyelegeza mkanda baada ya kula. Nani angejua?

Ila ya kaka bado. Nikasema ngoja nibadilishane. Kipande cha kanisa nikakiweka kwenye klarineti yake: ikaimba vizuri. Chake nikakiweka kwenye ya kanisa: hewa, kisha mbuzi. Basi shida si mimi, wala si klarineti. Nikakilaza kile kipande juu ya kioo, upande ule bapa unaokaa ulimi. Kinayumba.

Wifi, maji yalikuwa yanatokota kabisa?

Basi, si kitu. Kimechakaa, vitu vinazeeka. Nitapiga kwa kipande cha kanisa, na uzi wako, na namba mbili. Itakaribia.

Wifi yako,
Maximilla


Kibondo, 9 Julai 2023

Wifi Rosa,

Salamu nyingi. Mbona kimya? Unaumwa? Au nimekukosea? Kama nimekukosea niambie, nitakuja hata kesho.

Wifi yako,
Maximilla


Heru Juu, 30 Julai 2023

Wifi Maximilla,

Tumsifu Bwana. Asante kwa kuja na kwa mchele. Siku ile nyumba ilijaa watu, sikupata nafasi ya kukuambia haya.

Sikuwa mgonjwa. Barua yako ya maji ilinifanya nimuulize Bazilio, fundi redio. Akasema kile kipande ni cha mpira mgumu, na mpira ule ukiutia kwenye maji ya moto unapinda, haurudi. Nililia sana, wifi. Nikasema sauti ya mume wangu nimeichemsha kwa mikono yangu. Na wewe ulijua, ukaniandikia kuzeeka. Asante kwa kunisitiri. Ila siku nyingine niambie tu, mimi si mtoto.

Ulipoanza ule wimbo wake nilifumba macho nimsubiri. Pumzi ya kwanza tu nikajua si yeye. Reverien alikuwa anauburuza mwanzo, wewe unauingia kama mtu anayebisha hodi. Nikafumbua macho nikakuona, mashavu yamekujaa, jasho linakutoka, umeng'ang'ana na ule uzi wangu. Nikasema moyoni, ni Maximilla yule. Reverien amekufa. Mwaka mzima nilikuwa sijalisema hilo. Ndipo nikainuka, na mzee Nkunzimana akatangaza tumeganduka.

Leo nimerudi kwaya, mara ya kwanza tangu msiba. Klarineti ni yako, kaa nayo. Kile kilichopinda tu nirudishie, na ulimi mmoja namba mbili. Uzi ninao. Nataka nikipulize mwenyewe nisikie kinasemaje.

Wifi yako,
Rosa