Kabichi ya Kuchana kwa Mkono

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya kuvuta, nikiwa nimesimama jikoni kwangu hapa Kihonda na kabichi mkononi. Usicheke. Nakuandikia habari za kabichi.

Mama ninaye mimi sasa. Baada ya kukuzika nilimshusha kutoka Mgeta, nikamwambia akae kwangu mpaka mvua zipungue. Akakubali papo hapo, na hilo ndilo lililonitia hofu. Unamjua mkeo, hajawahi kukubali kitu bila kukibishia kwanza. Akawa anakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha akiitazama milima, na chakula hakishuki. Ugali matonge mawili, uji nusu kikombe. Nilimpikia kisamvu cha karanga, nikamtafutia samaki wabichi, nikamchemshia ndizi laini. "Nimeshiba, mwanangu," na huku mabega yanazidi kuchongoka ndani ya gauni. Niliogopa, Baba. Niliogopa kwamba nitawazika wote wawili ndani ya mwaka mmoja.

Halafu asubuhi moja, tumetoka kanisani, akasema kama anayejisemea, "Saa hizi baba yako angekuwa anatupigisha chafya."

Nikaona mahali pa kuanzia. Kabichi yako ya Kichina!

Nani pale kijijini asiyeijua? Ulikwenda kumenya viazi kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wanajenga barabara, ukarudi na karai jeusi la chuma, chupa ya sosi ya soya na tabia mpya. Kila Jumapili baada ya misa ulikuwa unavua shati la kanisani, unalitundika msumarini, unamfukuza Mama jikoni. Wajomba walikuwa wanakuja kukuchungulia. Kwa kuwa shamba tulilokaa ni la ukoo wa Mama, na wewe ndiye uliyehamia ukweni, walijiona wana haki ya kusema lolote. "Shemeji, wewe umeoa au umeolewa?" Nawe bila kugeuka, "Nimeoa, na leo napika. Karibuni." Wakakaribia, wakala, wakarudi Jumapili iliyofuata.

Ulikuwa unaliacha karai mpaka litoe moshi. Pilipili kavu zinatangulia, kitunguu saumu kinafuata, na hapo nyumba nzima tunakohoa, Mama anakimbilia nje na khanga puani akilalamika mpaka kwa jirani. Kisha kabichi, chwaa! Ulituambia tusali Salamu Maria tatu, kwa mwendo wa kawaida, wala si kwa mbio. Ya nne inaharibu mboga, ulisema. Siki kidogo pembeni mwa karai, soya, basi.

Na Mama, miaka yote, hukumu yake ilikuwa moja. "Mbichi hii. Wape mbuzi."

"Basi acha, Mama Felista," ulimjibu.

Basi nikaenda gengeni. Muuzaji akaniapia kwamba kabichi ni ya Mgeta, imeshuka asubuhi ileile. Nikanunua na pilipili kavu, siki na soya. Nikarudi, nikashika kisu, nikaikata kabichi nyembamba kama uzi, maana ndivyo Mama alivyonifundisha: msichana wa kwetu anajulikana kwa wembamba wa mboga yake. Nikaiosha, nikaimimina ikiwa bado inachuruzika maji, na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukachukua mfuniko ukafunika. Nilipofunua nilikuta mboga imelala kwenye mchuzi. Nikampelekea hivyohivyo.

Mama akaonja. "Umeipika vizuri," akasema kwa upole, akaisogeza sahani mbali.

Vizuri! Neno hilo wewe hukulipata hata siku moja. Nikarudi jikoni nikalia, nimeegemea jokofu, mtu mzima na watoto wangu.

Nikasikia ndara zake. Akaingia, akaitazama nusu ya kabichi iliyobaki, akavuta kigoda. "Baba yako hakushika kisu," akasema. Akaanza kuichana kwa vidole, vipande vikubwa kama kiganja, anang'oa mishipa minene anaitupa pembeni. Akadai kitambaa, akafuta kila jani likakauka. "Karai halijatoa moshi, unakimbilia wapi? Acha huo mfuniko, wa nini?" Baba, mwanamke aliyekuwa anakimbilia nje kila Jumapili alikuwa anajua kila kitu. Salamu Maria tulisali wote wawili, tunakohoa katikati. Ya tatu ilipoisha akauzima moto mwenyewe.

Nikampakulia sahani yake nzuri, ya maua, nikampelekea kule dirishani. Akaitazama. "Mbichi," akasema, akaikunja mikono mapajani. Hakuigusa.

Nikakaa pale nikiitazama sahani, na ndipo nilipokuona. Nilikuona umekaa kwenye benchi la nje, sahani moja gotini. Hukuwahi kumpakulia Mama kabichi ile. Nikiwa mtoto nilidhani ni kisasi kwa maneno yake, na niliwahi kukuchukia kidogo kwa hilo, unisamehe. Mama anakuja, anakaa ubavuni mwako, anaitukana mboga, kisha mkono wake unaingia sahanini mwako. Na wewe, macho yako mlimani, unaisogeza sahani upande wake.

Nikaichukua ile sahani ya maua, nikaiweka gotini kwangu, nikakaa karibu naye mpaka mabega yakagusana. Nikaanza kula.

"Mbichi hiyo," akarudia.

"Basi acha, Mama."

Akanitazama. Mimi nikaitazama milima. Na mkono wake ukaja, Baba, ukaokota jani moja, likafuata jingine, mpaka tukafika chini kwenye pilipili tupu.

Sasa anakula. Hata ugali anakula, na Jumapili iliyopita alinigombeza kwamba siki nimezidisha, nikafurahi siku nzima. Anauliza lini tutapanda kwenda kulisafisha kaburi lako. Nimemwambia akishaweza kupanda kile kilima bila kushikwa. Ameniambia yeye hajawahi kushikwa na mtu.

Nakukumbuka sana. Nakukumbuka zaidi karai linapotoa moshi, na hakuna wa kunifukuza jikoni.

Pumzika, Baba. Sahani ninaisogeza mimi.

Binti yako wa kwanza,
Felista