Gauni la Mikono Mirefu

Kwa Dada mpendwa,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Mama yupo, magoti tu yanamsumbua. Mimi na cherehani yangu tunasukumana hivyo hivyo.

Uliuliza gauni la harusi la Kidosho, kitindamimba wetu, limefikia wapi. Mwanzoni alilitaka la kisasa: mabega wazi, limebana mpaka magotini. Mama aliguna, akauliza kama bwana harusi ndiye atakayembeba, maana kwa gauni lile hatua haipigiki. Tukacheka, tukashusha picha za harusi za ukutani. Bibi alifungwa vifungo mpaka kooni, mikono mirefu, uso haucheki. Mama mabega yamevimba kama mito, mkia wa gauni unafagia ukumbi. Wewe na ile sketi pana, gari zima lilijaa gauni, shemeji akakaa mbele na dereva. Kidosho akasema kila mmoja wetu alidhani mitindo imeishia kwake.

Nikashona. Alipojaribu, likampwaya. Nikapunguza, likampwaya tena. Nikamtania kwamba mapenzi yanamkondesha, akacheka. Nilipopunguza tena hakucheka. Aliniomba nilifumue, niweke mikono mirefu kama ya Bibi.

Nikamuuliza kulikoni. Akapandisha mkono wa blauzi. Dada, mkono mzima alama za sindano za hospitali. Kumbe alikuwa akienda peke yake, sisi anatuaga kwamba anakwenda kazini.

Alimweleza mchumba wake kila kitu, akamwambia yuko huru kuondoka. Yule kijana akajibu kwamba suti imeshashonwa, na hajui pengine pa kwenda nayo.

Harusi imeshafanyika, Dada; tuliiwahisha, ikafungwa Jumamosi, hapa sebuleni. Bibi harusi alikaa kwenye kiti muda wote. Jirani akaisifu ile mikono, akasema mitindo ya zamani imerudi, nimshonee na binti yake. Nikaitikia tu.

Jana daktari alituambia dawa hazimsaidii tena. Kidosho amekataza usiambiwe mpaka likizo yako. Nimejaribu kukupigia, lakini nikisikia sauti yako naishia kuuliza hali ya watoto. Usingoje likizo. Njoo. Ukifika, pitia kwangu kwanza ulie, kisha ndipo uingie kwake.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi