Taisto na Juisi ya Beri

Iisalmi,
Tarehe 14 Oktoba, 2019

Mpendwa shemeji Kauko,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U hali gani huko Kanada, na mgongo wako je, umepata nafuu? Mimi sijambo, ila magoti yananilalamikia tangu baridi ianze. Mdogo wako Taisto ndiye hana hali nzuri. Amenikataza nisikuandikie, lakini siwezi kunyamaza tena.

Unajua sukari yake ilikuwa imetulizwa na vidonge. Mwezi wa Mei watafiti fulani walitafuta watu wa kujaribia kinywaji cha beri, naye akajiandikisha. Siku moja alikunywa maji ya sukari, siku nyingine sukari ileile ndani ya juisi ya beri nyeusi, huku akidungwa kidole mara kwa mara. Alirudi ana furaha kama bwana harusi. Kwa juisi, sukari ilikuwa imepanda taratibu zaidi.

“Mke wangu, kumbe dawa tumekuwa tukiikanyaga msituni miaka yote!”

Muuguzi alimwonya kwamba kupanda taratibu si kutopanda. Halikumwingia. Beri zilipoiva Julai tulichuma ndoo kumi na moja, nikakamua, naye akawa anateremshia maandazi ya iliki kwa juisi hiyo bila hofu.

Sasa nikuambie lililonikaa rohoni. Alikuwa akikunja uso kwa uchachu, basi nikawa natia sukari katika kila chupa, vikombe viwili, kimyakimya. Naye alikuwa ameacha vidonge tangu Julai, kimyakimya vilevile.

Jumamosi ya tarehe tano, tukioga mvuke katika sauna, niliona vidole vyake vya mguu vimekuwa vyeusi. Hakuwa akisikia maumivu hata kidogo. Hospitalini sukari ilifika thelathini na moja, wakati haipasi kuvuka kumi. Jumatano wakamkata vidole viwili.

Nilimwungamia palepale kitandani, nikilia. Akasema, “Hilkka, ulimi wangu si kipofu. Nilijua tangu chupa ya kwanza. Nilikuwa naogopa ukikiri wewe, itanibidi nami nikiri.”

Tangu hapo hazungumzi. Chakula anageuzageuza tu. Daktari anasema mguu huenda ukapona, ila sharti yeye mwenyewe atake. Mimi hanisikii. Mpigie, shemeji. Mchokoze, mtukane kama zamani, ili mradi ajibu.

Nisalimie Marjatta na mwanenu Eerikki. Mungu awakinge na kila baya.

Akupendaye daima,
shemeji yako Hilkka