Sufuria za Nyumba ya Balozi

Hajji wangu,

Tangu tukuzike, redio haijanyamaza. Ndege iliyotekwa ilitua Entebbe, Waisraeli wakaja kuwachukua watu wao kwa nguvu, na sasa kila nchi ina la kusema. Huku wanalaani, kule wanapongeza, Umoja wa Mataifa wanabishana, na sisi na Kenya hatutazamani usoni, hata petroli imeadimika. Wewe ungezima redio ukaniambia nimenye viazi. Ulipika katika nyumba ya balozi miaka yote hiyo, na siasa ulizisoma kwenye sahani zinazorudi jikoni tu. Lakini leo siasa imefika mlangoni kwetu, ndiyo maana nakuandikia.

Ulinipokea nikiwa mkimbizi kutoka Bukavu, sina karatasi, sina ndugu, Kiganda sikijui. Waisraeli walikuwa bado wanaishi katika nyumba ile. Ulinifundisha desturi ya dini yao, ya kutochanganya maziwa na nyama: sufuria za maziwa rafu hii, za nyama rafu ile, na ole wangu nizichanganye. Nikizichanganya ulininunia mpaka jioni. Ulijua kununa, Hajji, Mungu akusamehe.

Kisha serikali ikavunja uhusiano na Israeli. Wakafungasha, wakaondoka. Mabalozi wa nchi za Kiarabu wakaleta pongezi, na nyumba ileile wakapewa wawakilishi wa Wapalestina. Bendera ilibadilika, sisi tukabaki na vyombo vilevile.

Karamu ya kwanza ya wenyeji wapya sitaisahau. Afisa wa usalama alikuwa ameketi jikoni akituchunguza, maana waliowatumikia Waisraeli walikuwa wanashukiwa ujasusi, na wengine walishapotea. Akaingia mgeni mmoja Mpalestina, mzee mwenye mvi, anataka kujichemshia maziwa. Akanyoosha mkono kuchukua sufuria, nami kwa mazoea tu nikamzuia, nikamwambia hiyo ni ya nyama. Alinitazama, na nikaona amejua nimejifunza wapi. Afisa akasimama, akauliza mimi ni mtu wa nani. Nilikuwa sina mtu.

Wewe hukuacha hata kukoroga mchuzi. "Huyu mutoto yangu," ulisema. "Mimi nalimufundisha hivyo. Maziwa ikinuka mafuta ya mbuzi, nani atakunywa?"

Mtoto wako, mimi ninayesali kanisani, na sura zetu hazifanani hata kidogo. Yule mzee akamwambia afisa kwamba mpishi amesema kweli, akaomba sufuria nyingine. Afisa alipotoka, alituambia kwamba kwao, kabla hajawa mkimbizi, kulikuwa na jirani Myahudi aliyetenga vyombo vivyo hivyo. Alikunywa maziwa yake amesimama nasi, kama mtu asiye na haraka ya kurudi kwenye hotuba.

Siku ile sikukushukuru. Basi pokea leo. Asante kwa kunikinga kwa jina lako. Asante hata kwa kule kununa, maana hakuna anayemnunia mtu asiyemjali.

Leo watu wa usalama walikuja hapa kwako Kisenyi. Baada ya mambo ya Entebbe wanamtafuta tena kila aliyefanya kazi kwa Waisraeli. Wakaniuliza mimi ni nani. Mkeo alikuwa uani akichambua mchele. Hakuinuka. "Huyu mutoto yetu ya kwanza," alisema. "Baba yake tulimuzika juzi tu, na nyinyi munakuja kumusumbua." Na Aisha, binti yako wa damu, aliyekuwa akinionea wivu kwa jinsi ulivyonidekeza, akaja akanishika mkono mbele yao. Wakatazamana, wakaenda zao.

Siku ya msiba wako nilijificha jikoni, nikawapikia wageni kutwa nzima. Niliona si haki yangu kukaa na wafiwa. Nililia peke yangu juu ya vitunguu, hakuna aliyeshangaa.

Pumzika, Hajji. Mama miguu inamvimba, na Aisha ana watoto wake. Nitakaa na Mama, nitamtunza mpaka naye Mungu atakapomwita. Siku hiyo watu wengine watapika. Mimi nitakaa mkekani pamoja na Aisha, nipewe pole.

Binti yako,
Furaha