Gia Sita za Gari la Ndugu Yako

Wifi yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa kucha zake zina oili ambayo nimeisugua mpaka nimechoka. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, goti limetulia, na wale kuku wako wameacha kutagia ndani ya kapu la nguo safi. Sisi huku ni wazima. Binti anakuamkia sana shangazi yake. Bado yuko kwenye kampuni ya lifti, kutwa anapanda na kushuka ndani ya majengo ya watu, na anasema kitu pekee kisichopanda ni mshahara wake. Mimi basi langu la shule bado ninaliendesha. Watoto wanabadilika kila mwaka, kelele ni zile zile.

Najua utasema, huyu akianza kwa maneno laini hivi ana jambo. Ninalo. Lakini niache nilifikishe kwa mwendo wake, maana nikilitupa hapa juu utaikunja barua kabla hujaonja furaha iliyomo.

Ni habari ya gari la ndugu yako.

Unakumbuka lilivyorudi siku ile kutoka mashindano ya mlimani, limefungwa kamba, linavutwa na lori la mchanga, naye ameketi kwenye usukani kama vile ndiye anayeliendesha. Meno ya gia yalikuwa yamesagika kwenye kona ya mwisho, kilele kikionekana. Alicheka, akasema atalitengeneza mwezi ujao. Kisha ukaja ugonjwa, na huo mwezi ujao haukufika. Baada ya mazishi ulilifunika turubai wewe mwenyewe, ukaniambia hutaki kuliona tena, lakini nisithubutu kuliuza. Nikatii yote mawili. Wamekuja watu wa kila namna: huyu anataka injini tu, yule anataka viti, mwingine milango. Wote niliwarudisha getini kama mlinzi wa benki.

Mwaka huu mvua ilitoboa turubai. Nikalifunua ili likauke, nikafungua mlango, nikaketi. Wifi, mimi nimezoea basi, usukani mkubwa kama sinia na gia ya kubembeleza kwa mkono mzima. Kile kiti kilivyonibana mbavu, nikajikuta nimenyoosha mgongo kama msichana. Nikazungusha ufunguo. Gari halikuwaka, betri ilikuwa imekufa zamani. Niliyewaka ni mimi.

Binti alinikuta humo. Akaniuliza nataka kulifanyia nini, nikamwambia nataka kuupanda ule mlima niumalize. Nilidhani atacheka. Yeye akaniuliza tu kama nina fundi wa gia, na niliposema sina, kesho yake jioni akaja naye.

Huyu fundi ana gereji ndogo nyuma ya duka la matairi. Ni mrefu, mwembamba, mjane kama mimi, miwani yake ameifunga kwa uzi ili isidondokee kwenye oili. Jina lake hakuna anayelitumia. Wote wanamwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno linalomtoka mara nyingi kuliko mengine yote. Alizunguka gari lote, akapiga magoti, akachungulia chini, akakaa huko hadi chai ikapoa.

Alipoinuka alisema kwamba ile gia boksi ya gia tano ndiyo iliyokuwa ugonjwa wa gari hili tangu lizaliwe. Injini ina nguvu kuliko gia boksi hiyo inavyoweza kubeba. Kuitengeneza ni kuiandaa ivunjike tena. Lakini mdogo wa gari hili, aliyetoka kiwandani miaka kadhaa baadaye, alipewa gia boksi ya gia sita, nzito, meno yake manene, na ndani yake kuna difu ya katikati ambayo dereva mwenyewe anaweza kuirekebisha. Nikamwomba anieleze kama anavyomweleza dereva wa basi. Akasema gari hili huvuta kwa magurudumu yote manne, na katikati kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ile ya zamani inagawa kama kiwanda kilivyopenda. Hii mpya ina sumaku ndani, na dereva ana kigurudumu kidogo karibu na hendibreki, cha kuzungusha kwa kidole. Ukikizungusha huku, mbele na nyuma vinashikana, vinakwenda pamoja, na hata kwenye changarawe hakuna tairi linalozunguka bure. Ukikizungusha kule, vinaachiana nafasi, na gari linakata kona kwa wepesi.

Nikasema, basi hiyo ni kama ndoa. Alikohoa, akaanza kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

Hivyo tukaanza. Kila Jumapili ua wetu uligeuka gereji. Gia boksi ilitoka kwa muuza vipuri vilivyotumika, ikaja ndani ya sanduku la mbao pamoja na difu yake ya nyuma, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma. Nilijifunza kulala chali juu ya boksi la karatasi na kupokea bolti usoni. Kwa vile gia boksi mpya ni ndefu kuliko ya kwanza, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma haikutosha tena, tukatafuta nyingine. Chuma kinachoibeba gia boksi kikakatwa, kikatobolewa upya. Klachi nayo ikabadilishwa. Binti alishika mambo ya umeme. Alitandaza nyaya kutoka kwenye kile kigurudumu hadi kwenye sumaku, akasema kwake hii ni lifti iliyolala, maana na huko kazini kwake ni sumaku inayoshika na kuachia inapoambiwa. Taratibu alimsikiliza kwa heshima, akamwachia kazi hiyo yote. Nilipenda hilo, wifi. Wanaume wangapi umewaona wanamwachia mtu kazi bila kusimama nyuma yake?

Ikafika Jumapili niliyodhani ndiyo ya kuliendesha. Nilikuwa nimevaa viatu vya safari. Taratibu akaomba nisubiri. Aliinua gari lote juu ya stendi, akachora chaki kwenye matairi na kwenye shafti, akawa anazungusha kwa mkono na kuhesabu kwa midomo. Akarudia. Kisha akavua miwani, nami nikajua kuna msiba.

Difu ya nyuma tuliyouziwa haikuwa pacha wa ile gia boksi. Meno ya mbele yalikuwa na hesabu yake, ya nyuma na yake. Tungeliendesha hivyo, mbele na nyuma vingevutana kila hatua, na ugomvi wote ungebebwa na ile difu ya katikati mpaka iungue. Muuzaji tukampigia, akasema mali ikishatoka dukani haimjui tena. Na wiki za kujiandikisha kwa mashindano zilikuwa zinakwisha.

Nilimwambia Taratibu anipe ufunguo nizunguke mtaa mara moja tu, polepole. Akakataa. Nikamwambia maneno ambayo hapa siyaandiki, karatasi hii ina adabu zake. Mojawapo lilikuwa kwamba gari ni langu. Akanijibu kwa sauti ile ile ya siku zote kwamba ni langu kweli, lakini difu haimjui mwenye gari. Akauweka ufunguo juu ya boneti, akakunja kitambaa chake cha spana, akaondoka. Nikabaki nautazama. Sikuwasha.

Jumapili iliyofuata hakuja. Nyingine pia. Mimi nilikuwa nafagia ua, upande wa getini hasa, mpaka binti akaniambia, mama, hapo pamekwisha kuwa safi.

Ndipo siku moja mchana akatokea, anasukuma mkokoteni, na juu yake kuna difu imefungwa taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikamuuliza ameipata wapi, akasema ameipata mahali. Nikamuuliza mbona amekuja kwa miguu, akasema daktari amemshauri atembee. Akalala chini ya gari, akaanza kuifunga. Alipiga chaki tena, akazungusha, akahesabu, na safari hii miwani ilibaki usoni.

Binti ndiye aliyegundua. Alipita gereji kwake kurudisha jeki, akakuta gari la Taratibu mwenyewe, la ukoo huo huo, ambalo amekuwa akilijenga kidogo kidogo tangu mkewe alipofariki, limewekwa juu ya matofali. Nyuma lilikuwa tupu. Alikuwa ameing'oa difu yake akaniletea. Niliposikia hayo nilikwenda jikoni, nikamkaangia mayai, nikampelekea bila neno. Akayala kwa woga, akidhani bado nimenuna.

Sasa nikupeleke mlimani. Mwenye bendera aliuliza dereva yuko wapi, akawa anachungulia nyuma yangu. Nikamwambia anamtazama. Nikafunga mkanda, nikakiweka kigurudumu katikati kama nilivyofundishwa, nikaachia klachi. Wifi yangu, sijui nikuambie nini. Lilinisukuma kitini kama limetumwa. Changarawe zinapiga chini, matairi yote manne yanachimba, gia zinaingia moja baada ya nyingine, laini, kama droo iliyopakwa sabuni. Miaka yote ya kubeba watoto wa watu imenifundisha kutolikurupusha gari, na hilo ndilo lililonisaidia, maana wenzangu vijana walikuwa wanaingia kona kwa hasira na kutokea mtaroni.

Kabla ya kona ya mwisho nilihisi pua ya gari inataka kwenda nje. Nikakizungusha kigurudumu kidogo upande wa kuachia. Gari likajikunja, likaingia kona kama linaijua, na mbele yangu ikabaki njia nyeupe na anga. Nilipita pale pale lilipovunjikia. Nikamwambia ndugu yako, kwa sauti, ndani ya kofia ile ya chuma, kwamba tumefika. Sikuwa wa kwanza, wala wa mwisho. Kileleni nilishuka nikicheka, na machozi yakawa yanashuka nayo, na binti ananipiga mgongoni kama niliyepaliwa.

Taratibu hakunipongeza. Alikuwa ameshaingia chini ya gari kuangalia kama oili inavuja.

Hapa ndipo lilipo lile jambo, wifi. Kaa vizuri.

Binti alikuwa amekwenda kututafutia maji. Mimi nikaketi juu ya tairi la akiba, na mbele yangu kulikuwa na viatu viwili tu, vimetokeza chini ya mlango. Vile viatu vikasema:

"Mama Basi, hapa hakuna kinachovuja."

Nikasema nashukuru.

"Basi sitakuwa na sababu ya kuja kwako Jumapili."

Nikasikia anakaza bolti ambayo nina hakika ilikuwa imekazwa.

"Nilikuwa nauliza kama naweza kuja bila sababu. Niwe nakuja na kubaki. Kama mume."

Nikamwambia atoke kwanza huko chini.

"Nikitoka nitakuona usoni, nitashindwa kusema."

"Basi baki huko huko," nikamwambia. "Mimi nimekubali."

Alijigonga kichwa kwenye ekzosi, wifi, mpaka watu wa gari la pili waligeuka.

Hivyo ndivyo ilivyo. Nimekubali kabla ya kukuuliza, wakati heshima ilinitaka nianzie kwako. Ningeweza kukuandikia kana kwamba naomba ushauri, lakini wewe hudanganyiki na mimi sijui kukudanganya. Neno limeshanitoka, na lilinitoka kwa furaha.

Ndugu yako sijamtoa moyoni. Taratibu mwenyewe hataki nimtoe. Siku moja alikuta picha yake ndani ya gari, nyuma ya kinga-jua, akaifuta vumbi kwa shati lake akairudisha hapo hapo. Kilichoninyima usingizi ni wewe. Nimekuwa nikijiuliza, mwanamke akiolewa kwingine, yule wifi wake anabaki kuwa nani? Nimemuuliza Taratibu, maana yeye hujibu mambo taratibu. Akafikiri, akaniambia kwamba yeye hana dada, hajawahi kuwa naye, na kama wewe hutamkataa, angependa kuanza na aliyepo.

Shule zikifunga tutakuja, sote watatu. Ana hofu na wewe kuliko alivyokuwa na hofu ya ule mlima, kwa hiyo mkemee kidogo tu, kisha umpe kiti. Binti anasalimu tena na kuuliza kama chumba anacholala akija kwako bado kina mayai ya kuku. Wasalimie majirani zako wote, na lile goti lipake dawa kabla ya kulala, sio mpaka liume.

Nami nimalizie hapa, maana honi ya basi inaningoja. Jibu usilicheleweshe. Hata likiwa neno moja, liandike, mradi bahasha uandike kama ulivyoandika siku zote: Kwa wifi yangu.

Ni mimi, kwa mapenzi yale yale,

Wifi yako,
Mama Basi